Mali Bila Daftari: Mwongozo wa Kufungua Ghala la Mafaili Mawinguni Ukiwa Umekaa Biryogo

Duka la mtaa hapa Biryogo, Kigali, lina daftari. Jalada limechakaa, kalamu imefungwa kwa uzi, na ndani yake yamo majina ya nusu ya mtaa: nani kachukua sukari, nani kachukua mchele, nani kaahidi kulipa mwisho wa mwezi. Mwenye duka akiugua, mwanawe hulishika daftari hilo na biashara ikaendelea. Daftari likipotea, siku hiyohiyo utaona watu wazima wakisahau madeni yao kwa kasi ya kutisha. Wahenga walishalimaliza jambo hili: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwongozo huu nawaandikia vijana wa kompyuta wa Biryogo na mitaa jirani, mnaokaa kwenye meza za ile barabara iliyopakwa rangi na kufungwa isipite magari tangu 2021, mkono mmoja kwenye laptop, mwingine kwenye kikombe cha chai ya maziwa yenye tangawizi, mkifungua seva za wateja kabla chai haijapoa. Nina neno moja la kuwaambia: ghala la mafaili mawinguni lifunguliwe kwa msimbo, kwa sababu msimbo ndio daftari lake. Tutacheka njiani, maana tabia zetu zinachekesha. Lakini mafaili ya watu ni amana, na juu ya amana sina mzaha.

Ghala lenyewe ni nini

Tuseme una mteja anayepiga picha za harusi. Biryogo na Nyamirambo hazikosi harusi. Tovuti yake inaendeshwa na seva mbili, ili moja ikianguka nyingine ibaki imesimama. Bibi harusi anapandisha picha zake, zinapokelewa na seva ya kwanza. Kesho yake shangazi aliyeko Muscat anafungua tovuti, anapokelewa na seva ya pili, na seva ya pili haina hata picha moja. Shangazi anapiga simu kuuliza kama harusi ilifanyika kweli. Hapo ndipo unapohitaji ghala la pamoja: folda moja ambayo seva zote zinaiona kwa wakati mmoja, kana kwamba imo ndani ya kila mojawapo.

Wazo hili ni la zamani. Kampuni ya Sun Microsystems ilitoa itifaki ya NFS mwaka 1984 ili kompyuta nyingi zishirikiane mafaili kupitia mtandao. Mwaka 2016 Amazon ikafungua huduma yake ya EFS kwa wateja wote, na hadi leo ndani yake inazungumza NFS. Google wanayo Filestore, Microsoft wanayo Azure Files. Huduma hizi huitwa za kusimamiwa kwa sababu diski ikifa, mtoa huduma ndiye anayeibadilisha, nawe hujui hata kama ilikufa. Ila usimamizi wake unaishia kwenye chuma. Nani aingie, nani azuiwe, nakala zichukuliwe lini, nini kifutwe: hayo ni yako, na hakuna wa kukubebea.

Msimbo nao tutaandika kwa Terraform, zana ya kampuni ya HashiCorp iliyotoka mwaka 2014. Unaandika faili la maneno linaloeleza unachotaka kiwepo, nayo inakwenda kukitengeneza. Mwaka 2023 HashiCorp walibadilisha leseni yake, na wasioridhika wakaanzisha OpenTofu chini ya Linux Foundation. Lugha ya zote mbili karibu ni ileile, kwa hiyo utakachojifunza hapa hakitapotea.

Hatua ya 1: Jiulize kama unalihitaji

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayookoa pesa nyingi kuliko zote. Kama picha zinapandishwa mara moja kisha zinatazamwa tu, hazihitaji ghala la NFS. Ziweke katika hifadhi ya vitu kama S3 ya Amazon. Katika kanda ya Virginia, bei ya kawaida ya EFS imekuwa senti 30 za dola kwa gigabaiti moja kwa mwezi, na ya S3 senti 2.3. Chukua gigabaiti 500 upige hesabu: dola 150 upande mmoja, dola 11 na nusu upande wa pili, kila mwezi.

Ghala la NFS linastahili pale programu yenyewe inapotaka folda halisi: inafungua faili, inabadilisha mstari katikati, inalifunga lisiguswe na mwingine, na seva kadhaa zinafanya hivyo kwa pamoja. Tovuti nyingi za zamani ziko hivyo, na mifumo mingi ya uhasibu pia. Ukikuta hali hiyo, na tuseme tovuti ya mteja wetu wa harusi iko hivyo, endelea na hatua ya pili. Usipoikuta, funga laptop, maliza chai, mwambie mteja umemwokolea dola 138 kwa mwezi. Atakukumbuka kwa hilo kuliko kwa ujuzi wowote.

Hatua ya 2: Chagua kanda, sheria ikiwa mkononi

Wengi huchagua Virginia kwa sababu ndiyo iliyotokea kwenye skrini walipojiandikisha. Huko ni kukodi ghala ng'ambo ya bahari kwa sababu tu dalali wake ndiye uliyekutana naye kwanza.

Mambo mawili ndiyo ya kukuongoza. La kwanza ni umbali. Barani kwetu, Microsoft walifungua kanda Johannesburg mwaka 2019, Amazon wakafungua Cape Town mwaka 2020, na Google wakafungua Johannesburg mwaka 2024. Kutoka Kigali hadi Cape Town ni zaidi ya kilomita 3,500 kwa mstari ulionyooka, na data zetu hazipiti mstari ulionyooka: Rwanda haina bahari, hivyo zinapita kwanza kwa majirani hadi pwani. Kwa hiyo seva na ghala lake vikae kanda moja. Usijaribu kuliunganisha ghala la Cape Town na laptop iliyoko Biryogo ukidhani utafanya kazi. NFS ina maswali mengi: kila faili linapofunguliwa, kuna kuulizana na kujibiwa mara kadhaa, na kila swali litasafiri kilomita hizo zote kwenda na kurudi. Chai itapoa, itaagizwa nyingine, nayo itapoa.

La pili ni sheria. Rwanda ina Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13/10/2021, ya kulinda data binafsi na faragha. Sheria hiyo inataka data binafsi zihifadhiwe Rwanda, na anayetaka kuzihifadhi nje awe na cheti cha usajili kinachomruhusu, kutoka kwa mamlaka ya usalama wa mtandao, yaani NCSA. Picha ya bibi harusi, jina lake na namba ya simu yake ni data binafsi. Basi kabla hujaandika mstari wa kwanza, muulize mteja: cheti kipo? Kama hakipo, kazi yako ya kwanza ni barua. Msimbo utasubiri.

Hatua ya 3: Andika, usibofye

Kurasa za mtoa huduma zinavutia. Kila kitu kina kitufe, na kila kitufe kinakuita. Baada ya kubofya mara 40 ghala linafanya kazi, unashangilia, unakwenda kuswali alasiri. Miezi 6 baadaye mteja anasema anataka lingine kama lile kwa ajili ya majaribio. Ulibofya nini siku ile? Hakuna anayejua, wala wewe. Ni deni lisiloandikwa, na mwenye kulikumbuka hayupo.

Ukiandika, kila uamuzi una mstari wake:

resource "aws_efs_file_system" "ghala" {
  creation_token  = "ghala-la-picha"
  encrypted       = true
  throughput_mode = "elastic"

  lifecycle_policy {
    transition_to_ia = "AFTER_30_DAYS"
  }

  lifecycle {
    prevent_destroy = true
  }
}

Ni mistari michache, na kila mmoja ni ahadi. Ule unaoanza na creation_token unalipa ombi lako alama ya pekee, ili ombi hilo likirudiwa kwa bahati mbaya yasifunguke maghala mawili. Ule wa siku 30 unahamisha mafaili yasiyoguswa kwa mwezi mzima kwenye rafu ya bei nafuu, ambayo gharama yake haifiki sehemu ya kumi ya bei ya kawaida. Ila kila ukisoma kutoka rafu hiyo unalipa kidogo. Picha za harusi zinaufaa utaratibu huu kabisa: wiki ya kwanza ukoo mzima unazitazama, mwezi wa pili wamebaki bibi harusi na mama yake.

Na jina. Nimeona maghala yanayoitwa test, test2, test-mpya, test-mpya-ya-mwisho, na la mwisho kabisa ndilo lililobeba data za kweli. Lipe ghala jina la kazi yake, kwa lugha inayoeleweka na timu yako. Kiswahili kimesemwa katika mtaa huu tangu zama za wafanyabiashara na makarani walioingia Kigali baada ya mji kuanzishwa mwaka 1907, na mwaka 2017 bunge la Rwanda lilipitisha sheria iliyokifanya lugha rasmi. Kompyuta haina pingamizi na neno ghala.

Hatua ya 4: Yasiyobadilika yaamue kwanza

Mambo mengi ya ghala unaweza kuyarekebisha baadaye. Usimbaji, yaani ule mstari wa encrypted, huwezi. Ghala la EFS likifunguliwa bila kusimbwa, litabaki hivyo maisha yake yote. Ukitaka lililosimbwa, unafungua jipya na kuhamisha mafaili. Ndivyo ilivyo pia kwa uamuzi wa kuhifadhi data katika eneo moja la kanda au katika maeneo kadhaa. Eneo moja ni nafuu, lakini eneo hilo likipata msiba, ghala nalo lina msiba.

Mjenzi wa nyumba analijua hili bila kufundishwa. Rangi utabadilisha kila Idi ukipenda; msingi unauchimba mara moja. Andika usimbaji siku ya kwanza. Haukuongezei kazi, na siku mteja atakapoulizwa na wakaguzi, jibu litakuwa mstari mmoja wenye tarehe.

Hatua ya 5: Milango michache, kila mmoja na mwenyewe

Ghala la EFS halifikiwi na seva mpaka uweke kituo cha kuunganishia, na inafaa kila eneo lenye seva liwe na chake, kituo kimoja kwa eneo moja. NFS hupita mlango namba 2049. Andika kwamba mlango huo unafunguliwa kwa seva zako peke yake. Kuna wanaoufungua kwa dunia nzima ili kujaribu tu, kisha wanasahau kuufunga. Nyumbani kwao huwezi kuvuka kizingiti bila kupiga hodi mara tatu, lakini ghala la mteja wameliacha wazi usiku kucha.

Halafu kuna kiingilio ndani ya ghala. EFS inakuruhusu kuandika viingilio ambavyo kila kimoja kinaanzia kwenye folda yake na kina namba yake ya mtumiaji. Programu ya picha iingie kupitia kiingilio cha picha, isione folda ya ankara. Programu ya ankara isione picha. Katika msimbo hiyo ni mistari kama kumi tu. Siku programu moja ikivamiwa, mwizi atajikuta chumba kimoja, na vyumba vingine vimefungwa.

Na safari ya data kati ya seva na ghala isimbwe pia. Amazon wana zana ndogo ya kuunganishia inayofanya hivyo ukiiambia. Iambie.

Hatua ya 6: Kasi isiyo ya mkopo

Hapa wengi wamedanganyika. Mtindo wa zamani wa kasi katika EFS unafanya kazi kwa mkopo. Ghala linapewa kasi ya msingi kulingana na ukubwa wa data zilizomo, kilobaiti 50 kwa sekunde kwa kila gigabaiti, na ghala jipya linaanza na akiba kubwa ya mkopo. Kwa hiyo wiki ya kwanza kila kitu kinakimbia. Mteja anafurahi, analipa, anakusifu kwa jirani. Kisha mkopo unaisha. Ghala dogo linarudi kwenye kasi yake ya msingi, tovuti inakokota miguu, na wewe unakesha ukitafuta kosa katika programu isiyo na kosa.

Kwa sababu hiyo, katika kipande cha juu niliandika elastic, mtindo uliokuja mwishoni mwa 2022, unaotoa kasi kadiri inavyohitajika na kutoza kwa kiasi kilichopita. Kwa ghala dogo lenye msongamano wa ghafla, kama tovuti ya picha Jumatatu baada ya harusi, unafaa. Kwa kazi nzito inayosoma na kuandika mchana kutwa, piga hesabu kabla, maana kila gigabaiti inayopita inahesabiwa. Ukichagua mtindo wa mkopo kwa kuujua, sawa. Kuuchagua kwa kutojua ni kukopa dukani huku ukidhani umepewa zawadi.

Hatua ya 7: Nakala za akiba haziji zenyewe

Huu ni mtego ambao msimbo wenyewe unauweka, na nautaja wazi kwa sababu nausifia msimbo tangu mwanzo. Ukifungua ghala la EFS la kawaida kwa kubofya, nakala za kila siku huwashwa zenyewe na hutunzwa siku 35. Ukilifungua kwa msimbo, haziwashwi mpaka uandike. Aliyebofya kalindwa bila kujua. Aliyeandika kaachwa bila kujua.

Dawa ni kipande kidogo cha msimbo cha sera ya nakala. Kiandike siku ileile, ndani ya faili lilelile, chini ya ghala lenyewe, ili anayesoma moja asome na jingine. Daftari linaandika unachoahidi tu; usichoahidi halitakukumbusha.

Hatua ya 8: Weka mashahidi, kisha msome mpango

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni: liandikwe, awepo mwandishi mwadilifu, na wawepo mashahidi. Watoto wa madrasa za mtaa huu wanalijua hilo. Msimbo ni mwandishi wako. Mashahidi wako wapi?

Terraform ina amri ya plan, inayokuonyesha kitakachotokea kabla hakijatokea, na amri ya apply, inayokitenda. Katika mpango, alama ya kujumlisha ni kitu kipya. Kiwimbi ni mabadiliko yasiyovunja. Alama ya kutoa ni kuharibu. Na alama ya kutoa ikifuatwa na mkwaju na ya kujumlisha maana yake ni hii: kitaharibiwa, kisha kitaundwa kingine kipya, kitupu, chenye jina lilelile.

Nilikuwa katika timu ndogo iliyotunza ghala la namna hii. Lilifunguliwa bila usimbaji, na jioni moja mmoja wetu akaona kasoro hiyo akaamua kuirekebisha. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Akabadilisha neno moja, false likawa true. Kwa kuwa usimbaji haubadiliki kwenye ghala lililopo, Terraform ikapanga njia pekee iliyokuwapo: kuliharibu ghala, vituo vyake vitatu na kiingilio chake, kisha kuviunda upya. Mpango ulisema hivyo wazi, vitu vitano vitaharibiwa. Nami ndiye niliyeombwa kuusoma.

"Kaka, umepitia?" aliniuliza.

"Ni neno moja tu, mdogo wangu. Endelea."

Dakika chache baadaye ghala lilikuwa jipya, limesimbwa, na tupu. Sera ya nakala haikuwa imeandikwa. Tulichookoa tulikiokoa kwa sababu baadhi ya wapiga picha walikuwa bado na kadi zao za kamera. Familia nyingine hazikurudishiwa kitu. Shahidi asiyesoma alichokishuhudia ni mbaya kuliko kutokuwa na shahidi, kwa sababu watu wanamtegemea. Kosa la siku ile lilikuwa langu kuliko lake.

Kwa hiyo fanya hivi. Kila badiliko lipite kwa mtu wa pili, na mtu huyo asome mpango mstari kwa mstari, aanze na hesabu ya chini: vingapi vitaongezwa, vingapi vitabadilishwa, vingapi vitaharibiwa. Kama namba ya kuharibiwa si sifuri, mtu asimame, aseme kwa sauti ni nini kinaharibiwa na kwa nini. Ule mstari wa prevent_destroy nilioandika juu unaifanya Terraform ikatae mpango wowote unaoharibu ghala. Lakini kumbuka: ukifuta kipande chote cha msimbo, mstari wa kinga umeufuta pamoja nacho. Mlinzi aliyemo ndani ya nyumba hawezi kuzuia nyumba kubomolewa akiwa ametolewa kwanza. Mlinzi wa mwisho ni jicho la mtu.

Hatua ya 9: Daftari moja, kalamu moja

Terraform hutunza faili la hali linalokumbuka ilichokiunda. Faili hilo likikaa kwenye laptop yako peke yake, na laptop ikadondoka kwenye pikipiki hapo barabarani kwenda Nyabugogo, msimbo wako hautajua tena kwamba ghala lipo. Likiwekwa hovyo kwenye Git, linaweza kubeba siri zilizomo ndani yake hadi kwa kila mwenye kusoma.

Liweke kwenye hifadhi ya pamoja iliyosimbwa, yenye kutunza matoleo ya zamani, na uwashe kufuli ili watu wawili wasiandike kwa wakati mmoja. Mwenye duka haruhusu wanawe wawili waandike katika daftari moja kwa kalamu mbili, kila mmoja na hesabu yake. Na kila asubuhi endesha plan bila kubadilisha kitu. Ikisema hakuna tofauti, shukuru. Ikisema kuna tofauti, basi usiku kuna mtu alibofya. Mtafute kwa upole, umwonyeshe daftari, na alichokibadilisha kiandikwe au kirudishwe kilivyokuwa.

Hatua ya 10: Baada ya umuganda, rudisha faili moja

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi Rwanda nzima inatoka kwenye umuganda: mifereji inazibuliwa, vichaka vinafyekwa, mtaa unasafishwa kwa mikono. Mchana wake, mkisha kunawa, fanyeni umuganda wa ghala. Chagueni faili moja, mlirudishe kutoka kwenye nakala za akiba, mlifungue, mlitazame. Mkilirudisha katika ghala lilelile mtaona kwamba halikai mahali pake pa zamani. Linawekwa ndani ya folda mpya yenye tarehe, na kulihamisha ni kazi yenu. Ni bora mlijue hilo Jumamosi mkiwa mmetulia kuliko usiku wa msiba, mteja akilia kwenye simu.

Andikeni mlichukua dakika ngapi. Mwezi ujao, jaribuni tena. Namba hiyo ndiyo mtakayompa mteja atakapouliza, "Likiharibika, litarudi baada ya muda gani?"

Watu watatu wa kuwakumbusha

Kuna Mbofyaji, anayesema ataandika msimbo mambo yakitulia. Mwambie mambo hayatulii. Aandike leo ghala moja tu, dogo kuliko yote. Kuna Mnakilishi, anayebandika msimbo wa mtu mwingine bila kuusoma, na ndani yake bado mna jina la kampuni ya mwenyewe. Kaa naye, msome pamoja kila mstari, na mstari asioweza kuueleza ufutwe. Na kuna Bingwa, anayejua kila kitu na haombi shahidi. Huyo mheshimu, mwagizie chai, na umwombe akufundishe huku mpango ukiwa wazi kwenye meza. Akiueleza kwa sauti atauona mwenyewe mstari wa kuharibu.

Neno la mwisho

Ewe kijana wa Biryogo, watu wanakupa picha za harusi zao, vyeti vya watoto wao na hesabu za maduka yao. Hawajui NFS wala Terraform, na hawana haja ya kujua. Wanakujua wewe. Leo kabla hujaondoka mezani, fungua ghala moja unalolitunza uulize mambo matatu: limeandikwa wapi, nani wa pili aliyelisoma, na nakala yake ilirudishwa lini kwa mara ya mwisho. Jibu likikosekana, anza hapo. Amana haina kesho.